Boriti Inapinda, Elementi Je? Namna ya Kuchagua Vipande vya Kupigia Hesabu ya Mkazo

Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu, na sababu utaiona ukiinua macho: dari limebebwa na boriti za mikoko. Mkoko mnyoofu, mnene na imara haupatikani kwa urefu wowote utakao. Fundi alijua kwamba akizitenga kuta zaidi ya pale, boriti itanepa na sakafu ya mawe na chokaa iliyo juu yake itapasuka. Kipimo hicho kilikuwa kichwani mwake, na mji mzima ukajengwa kwa kukifuata.

Siku hizi neno boriti tunalitumia kwa chuma na zege, na hesabu zake tumeziachia programu. Mhandisi huchora boriti, akaigawa katika vipande vinavyoitwa elementi, vilivyounganishwa kwenye nukta zinazoitwa nodi. Kompyuta hutafuta kila nodi imesogea kiasi gani chini ya mzigo, na kutokana na kusogea huko ikapata mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo la ndani. Njia hii ilipata sura yake ya leo miongoni mwa wahandisi wa ndege wa Marekani katika miaka ya 1950, na jina inalojulikana nalo duniani lilitolewa na Ray Clough mwaka 1960.

Hapo ndipo linapokuja swali linalowatoa jasho wanaoanza. Programu inakuuliza: unataka elementi ya aina gani? Orodha ni ndefu. Zipo za mstari, za bamba, za tofali, za piramidi. Kila moja ina toleo la nodi chache na la nodi nyingi, la hesabu kamili na la hesabu pungufu. Wengi huchagua ile iliyowekwa tayari na programu, wakasonga mbele.

Nimeliona tatizo hili mara nyingi kiasi kwamba nalisema kila nipatapo nafasi: elementi inabeba ndani yake orodha ya maumbo inayoruhusiwa kuchukua. Umbo lisilokuwa kwenye orodha, haiwezi kulionyesha hata ungeibebesha mzigo wa dunia nzima. Boriti yako ikipinda na elementi haijui kupinda, programu haitalalamika. Itakupa jibu lenye rangi nzuri, na jibu hilo litakuwa la kitu kingine.

Kijana na upau wa chuma

Kijana mmoja kazini alinijia na laptopu yake. "Shikamoo injinia, naomba unitazamie hii kabla sijaituma." Alikuwa na upau wa chuma wa urefu wa mita 1, kimo milimita 100, unene milimita 50, umekazwa ncha moja na kubeba kilonewton 10 kwenye ncha nyingine, yaani uzito wa kama tani moja. Ameugawa katika miraba kumi, mmoja baada ya mwingine, tabaka moja tu kutoka chini hadi juu. Ncha ilikuwa imeshuka milimita 2.6.

Nilimwomba karatasi. Mzigo mara urefu mchemraba, gawa kwa mara tatu ya ugumu wa kupinda: milimita 3.8. Mkazo kwenye shina, yaani ncha iliyokazwa, N/mm² 120. Akaniangalia. "Labda ya mkono ndiyo ya kukadiria, injinia?"

Kwa upau wa aina ile, ya mkono ndiyo sahihi. Ila swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kilichotokea ndani ya ile miraba. Nilichukua kifutio cha penseli, nikachora ubavuni mwake gridi ya vimraba kwa kalamu ya wino, nikampa akipinde kwa vidole. Jaribu na wewe. Mistari ya juu na ya chini inajikunja kuwa tao. Mistari ya wima inabaki minyoofu na kuinama kidogo, na pale inapokutana na matao hayo pembe bado ni za nyuzi 90. Upande mmoja unavutwa, wa pili unagandamizwa, na katika kupinda kutupu hakuna kinachokatwa, yaani hakuna tabaka linaloteleza juu ya jingine.

Sasa elementi ya nodi nne. Kingo zake ni mistari minyoofu, na kanuni zake zinasema zitabaki minyoofu daima. Ukiilazimisha ipinde, haiwezi kutengeneza tao. Inachoweza ni kupanua upande mmoja na kufinya mwingine, ikawa kama mgongo wa jembe: pana huku, nyembamba kule. Pembe zake hazibaki nyuzi 90. Na kwa elementi, pembe ikiacha kuwa ya nyuzi 90 maana yake ni moja tu: ninakatwa. Basi inaanza kupambana na mkazo wa kukata ambao kwenye chuma halisi haupo. Nguvu ya mzigo inaliwa na pambano hilo la uongo, na boriti inaonekana ngumu kuliko ilivyo. Naliita jambo hili kukakamaa, na ni chanzo cha makosa mengi katika hesabu za boriti.

Ukubwa wa kosa unaweza kuupiga hesabu. Kwa chuma, mraba mmoja unaochukua kimo chote cha boriti huwa mgumu kupita kiasi kwa takriban asilimia 48. Gawa 3.8 kwa 1.48, unapata ile 2.6 ya kijana. Laiti angetumia vipande vyenye urefu mara nne ya kimo ili kuokoa muda, ugumu ungezidi mara saba. Vikiwa na urefu mara kumi ya kimo, karibu mara arobaini. Upau wa chuma ungeonekana kama mwamba.

Ukiongeza matabaka ya miraba kwenye kimo, kosa linapungua kwa kasi: matabaka mawili asilimia 12, manne asilimia 3. Kwa hiyo ushauri wa "gawa vipande vidogo zaidi" hufanya kazi. Lakini unalipia kwa kompyuta kile ambacho ungekipata bure kwa kuchagua elementi inayojua kupinda.

Tiba tatu, na kila moja ina masharti yake

Tiba ya kwanza ni kupunguza nukta za hesabu. Elementi ya kawaida hukagua hali yake kwenye nukta kadhaa ndani ya mwili wake. Ukiiambia ikague katikati tu, haitauona ule mkazo wa uongo, maana katikati haupo. Ndiyo herufi R unayoiona mwishoni mwa jina C3D8R, tofali la nodi nane katika programu ya Abaqus. Kukakamaa kunakwisha, ila unapata ugonjwa wa pili. Katikati ya elementi inayopinda hakuna mvuto wala mgandamizo pia, kwa hiyo elementi iliyo peke yake kwenye kimo inaweza kupinda bila kuhisi chochote. Meshi, yaani mtandao wa vipande vyote, inalegea na kuchukua umbo la saa ya mchanga, tumbo ndani na mabega nje, kwa zigizaga. Programu huweka ugumu wa bandia kuizuia, lakini hiyo ni kamba ya kufungia. Tabaka moja la C3D8R kwenye boriti usilitumie kamwe.

Hata ukiwa na matabaka manne, tazama unasoma mkazo wapi. Nukta pekee ya elementi ya juu kabisa iko katikati yake, yaani robo tatu ya njia kutoka moyo wa boriti hadi usoni. Kwenye upau wa kijana, uso una N/mm² 120, lakini nukta ile itakuonyesha kama 90. Kunepa kutakuwa karibu sahihi, nawe utafurahi, kumbe mkazo unaokwenda kuulinganisha na nguvu ya chuma umepungukiwa robo nzima. Hili linanitia wasiwasi kuliko kukakamaa kwenyewe, kwa sababu halionekani kwenye umbo la boriti.

Tiba ya pili ni kuifundisha elementi ya nodi chache kupinda. Edward Wilson na wenzake walichapisha wazo hili mwaka 1973: ongeza ndani ya elementi maumbo ya tao ambayo hayana nodi zake, ili kingo ziweze kujikunja. Katika Abaqus ndiyo C3D8I. Ikiwa na umbo zuri la mstatili, tabaka moja tu linapinda barabara. Sharti lake ni hilo umbo. Mwaka 1985 Richard MacNeal na Robert Harder walipendekeza seti ya majaribio ya kupimia elementi, na mojawapo ni boriti nyembamba ya vipande sita, iliyogawanywa mara tatu: kwa mistatili, kwa vipande vilivyolala upande mmoja, na kwa vipande vya umbo la mgongo wa jembe. Boriti ni ileile, mzigo ni uleule. Zipo elementi zinazofaulu vizuri kwenye mistatili na kuanguka vibaya kwenye migongo ya jembe. Ndiyo maana nasema meshi iliyopindapinda haifidiwi na jina zuri la elementi.

Tiba ya tatu ndiyo ninayoipenda: elementi zenye nodi katikati ya kingo. Ukingo wenye nodi tatu unaweza kuwa tao, basi. Elementi bapa ya nodi nane, au tofali la nodi 20, inachukua kupinda kutupu kwa tabaka moja bila kosa. Kila tofali linakula kumbukumbu zaidi, lakini unahitaji machache mno kiasi kwamba kwa boriti karibu daima unapata faida.

Piramidi zina habari fupi. Programu nyingi hujaza umbo lolote kwa piramidi za pande nne, mfano wa sambusa, kwa sababu kompyuta inaweza kufanya hivyo yenyewe bila msaada wa mtu. Sambusa ya nodi nne ina mkazo mmoja tu mwili mzima. Haijui kwamba juu kunavutwa na chini kunagandamizwa. Kwa boriti usiiguse. Sambusa ya nodi kumi ina kingo zinazojikunja na inafanya kazi vizuri, hasa kwenye maumbo magumu yasiyokubali matofali.

Lakini je, ulihitaji matofali?

Hili lingetakiwa kuwa swali la kwanza. Boriti nyingi ni ndefu kuliko zilivyo nene, na kwa boriti ndefu kuna elementi ya mstari: nodi mbili, mstari katikati, na sekisheni, yaani umbo la mkato wa boriti, unayoitaja kwa namba tu. Kupinda kumo ndani yake tangu kuzaliwa.

Chukua chuma cha umbo la I kiitwacho IPE 200: kimo milimita 200, mbawa za milimita 100, ukuta wa kati wenye unene wa milimita 5.6. Kikaze ncha moja, kiwe na urefu wa mita 2, kibebeshe kilonewton 10 kwenye ncha nyingine. Mkazo kwenye shina ni N/mm² 103 na ncha inashuka milimita 6.5. Elementi moja ya mstari, ile ya Euler na Bernoulli nitakayoieleza hivi punde, inakupa majibu hayo bila kosa. Moja tu. Meshi ya matofali ya chuma hichohicho ingehitaji maelfu, na bado ungebaki unajiuliza kama imekakamaa.

Ndani ya elementi za mstari zenyewe kuna uchaguzi. Nadharia ya Euler na Bernoulli, ya karne ya 18, inachukulia kwamba boriti inanepa kwa kupinda peke yake. Mwaka 1921 Stephen Timoshenko alichapisha nadharia inayoongeza kunepa kunakoletwa na kukatwa. Kwa IPE 200 ya mita 2, nyongeza hiyo ni kama milimita 0.22, asilimia 3 hivi. Sasa fupisha chuma hicho hadi sentimita 40, kama kibao kifupi cha kubebea mashine ukutani. Kupinda kunashusha ncha milimita 0.052, na kukatwa kunaishusha milimita 0.044. Mwenye elementi ya Euler na Bernoulli atapata nusu tu na kidogo ya kunepa kwa kweli. Katika Abaqus, B33 ni ya nadharia ya kwanza, B31 na B32 za ya pili. BEAM188 ya programu ya ANSYS nayo ni ya Timoshenko. Mimi huchukua ya Timoshenko karibu kila mara, kwa sababu kwenye boriti ndefu haikugharimu kitu ila kuigawa vipande kadhaa badala ya kimoja.

Mzigo uliotandazwa urefu mzima unataka uangalifu kidogo. Elementi moja ya Euler na Bernoulli inaweza kutoa kunepa sahihi kwenye ncha, lakini ukisoma momenti ya shina, yaani nguvu ya kupinda pale, moja kwa moja kutokana na umbo lake, inapungua kwa asilimia 17, kwa kuwa ndani yake momenti inakwenda kwa mstari mnyoofu na ile ya kweli inakwenda kwa tao. Programu nyingi hurekebisha hilo zenyewe. Wewe gawa boriti vipande vitano au sita, ulale usingizi.

Mstari unaishiwa nguvu pale kinachotokea kwenye sekisheni yenyewe ndicho kinachokusumbua. Ukuta wa kati umetobolewa tundu kupitisha bomba. Ubawa unajikunja kwenye kingo. Mzigo umekaa pembeni na chuma kinasokoteka. Hapo nenda kwenye elementi za bamba: kila ubawa na kila ukuta unakuwa karatasi yenye unene uliotajwa kwa namba. Kwa chuma cha umbo la I, hizi ndizo zinazofaa zaidi kuliko matofali, maana kuweka tabaka nne za matofali kwenye ukuta wa milimita 5.6 ni kujitesa.

Bamba nazo zina siri moja. Kwenye IPE 200 halisi, pale ukuta unapokutana na ubawa pana kona iliyojazwa, yenye mviringo wa nusukipenyo cha milimita 12. Ukijenga chuma hicho kwa karatasi tatu, kona hizo zinapotea. Eneo linapungua kwa asilimia 4 hivi, jambo dogo. Lakini uwezo wa kuhimili kusokotwa unashuka kutoka karibu sm⁴ 7 hadi kama 5.2, yaani robo imeondoka. Kama swali lako ni la kusokotwa, hiyo si namba ya kupuuza.

Sleipner A

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya darasani. Tarehe 23 Agosti 1991, katika fiodi (mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu) ya Gandsfjord karibu na Stavanger, Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulikuwa ukizamishwa taratibu kwa majaribio. Ulikuwa umejengwa kwa matangi makubwa yaliyosimama pamoja, na kati ya matangi kulikuwa na nafasi za pembetatu zinazoingia maji ya bahari. Kuta za pembetatu hizo zilikuwa zikisukumwa na maji upande mmoja na kushikwa kwenye ncha zake: boriti, kwa kweli, ila za zege na zilizosimama. Kwenye kina cha kama mita 65 ukuta mmoja ukapasuka. Pampu hazikuweza kushindana na maji. Watu waliokuwamo waliokolewa wote, lakini msingi ulizama, ukapiga chini ya fiodi kwa kishindo kilichopimwa kama tetemeko la ukubwa wa 3. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700.

Uchunguzi ulikuta kwamba hesabu za elementi zilikuwa zimekadiria mkazo wa kukata katika kuta hizo chini ya ule wa kweli kwa asilimia 47. Meshi ya eneo lile haikuwa na uwezo wa kuonyesha kilichokuwa kikitokea ukutani, na nondo za pale nazo hazikufungwa za kutosha kwenye sehemu iliyokuwa hatarini. Hesabu iliyorudiwa kwa uangalifu baada ya ajali ilisema ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Mita tatu tu kutoka pale ulipovunjika kweli. Yaani njia ya elementi ilikuwa na uwezo wa kuwaonya, kama ingepewa vipande vinavyofaa.

Pale mstari unapokutana na tofali

Kazi halisi mara nyingi inataka vyote viwili. Boriti ya mita sita, na kwenye ncha yake kiungo cha bolti ambacho ndicho kinachokutia shaka. Basi mita tano na nusu zifanye za mstari, na nusu mita ya mwisho ya matofali ya nodi 20. Mpaka kati yao uweke mbali na kiungo, angalau kimo kimoja au viwili vya boriti, ili vurugu ya mkazo iwe imetulia kabla ya kufika hapo.

Kwenye mpaka huo kuna mtego. Nodi ya mstari inasogea pande tatu na pia inazunguka. Nodi ya tofali inasogea tu, haijui kuzunguka. Ukiunganisha nodi ya mstari na nodi moja ya tofali, umetengeneza bawaba. Momenti haivuki, na boriti inaning'inia kama mlango uliong'olewa juu. Unganisha nodi ya mstari na uso mzima wa matofali kwa kiungo ambacho programu yako inacho kwa kazi hiyo, ili kuzunguka kwa mstari kugeuke kuwa kusukuma chini na kuvuta juu.

Halafu, ukiangalia rangi, usishtuke kuona nyekundu kali kwenye kona kali ya ndani ya kiungo au pembeni ya uso ulioukaza moja kwa moja. Gawa vipande vidogo zaidi kwenye kona ile, namba itapanda. Gawa tena, itapanda tena, bila kikomo, kwa sababu kona isiyo na mviringo haina mkazo wenye mwisho kwenye nadharia. Chora ule mviringo mdogo uliopo kwenye chuma halisi, na namba itatulia. Ukiwa hauna haja nao, soma mkazo hatua chache kutoka kwenye kona.

Kijana yule aliirudia kazi yake kwa bapa za nodi nane, tabaka moja, vipande kumi vilevile. Ncha ilishuka milimita 3.8. Kisha akaijaribu kwa mstari mmoja wa Euler na Bernoulli, nodi mbili, akapata hiyohiyo, akabaki ameitazama karatasi yangu kwa muda kabla hajaikunja na kuitia mfukoni.